Je, upinzani Uganda unaweza kumzuia jaji kwa hotuba ndefu?

Mdau wa Jinja: Wakuu, maseneta wa Marekani huzuia jaji kwa filibasta, yaani kuhutubia bila kikomo. Wabunge wetu wa upinzani hawawezi?

Wakili Mstaafu: Ndugu, hata kule silaha hiyo imeshavunjwa. Kufunga mjadala kulihitaji kura 60 kati ya 100. Aprili 6, 2017, Neil Gorsuch, mteule wa Rais Trump wa Mahakama ya Juu, alipata 55 tu; siku hiyohiyo Warepublican wakaigeuza kanuni kwa 52 dhidi ya 48, sasa wingi wa kawaida unatosha. Kesho yake akathibitishwa, 54 kwa 45. Wademokrati wasilie sana: mwaka 2013 wao ndio waliofungua mlango huo kwa majaji wa mahakama za chini. Kilichobaki ni kuchelewesha. Hoja ya kufunga mjadala husainiwa na maseneta 16, husubiri siku moja katikati, na ikipita kuna hadi saa 30 zaidi za mjadala.

Mama Sheria: Kwetu hakuna pa kuhutubia! Ibara ya 142 ya Katiba ya Uganda: Tume ya Utumishi wa Mahakama inashauri, Rais anateua, Bunge linaidhinisha. Usaili hufanyika faraghani, kwenye Kamati ya Uteuzi chini ya Spika, na chama tawala ndicho chenye wingi.

Mdau wa Jinja: Basi wafanyeje?

Mama Sheria: Waende mahakamani. Benjamin Odoki alirudishiwa ujaji mkuu akiwa ameshapita miaka 70, umri wa kustaafu. Mbunge Gerald Karuhanga akafungua shauri, na 2014 Mahakama ya Katiba ikabatilisha uteuzi.