Mainjinia wa miundo, mkikwama kwa hesabu mnamuuliza nani?

greduweti_umoja: Habari zenu wakubwa. Nimesajiliwa EBK, ile bodi ya mainjinia Kenya, kama injinia greduweti, mwaka wa pili sasa. Ofisi yetu ni watu watatu, mwenye muhuri ni bosi pekee na siku nyingi yuko saiti. Juzi nimemaliza slabu ya flati fulani, nikarudia hesabu mara tatu na bado usingizi haukuja, kwa sababu aliyeandika ni mimi na aliyekagua ni mimi. Pointi za CPD, yaani za kuendelea kujifunza kazini, napata, naenda semina nasaini napewa cheti, lakini swali nililoenda nalo narudi nalo nyumbani. Nyinyi nani aliwashika mkono?

mama_ringi: Pole mdogo wangu, hiyo hali naijua. Mimi nilisomea BS 8110, kanuni ya konkriti ya Uingereza, halafu kazini nikakuta Eurocode, kanuni ya Ulaya, nikaandika 30 mahali pa nguvu ya konkriti kwa sababu nimeona C25/30 na kichwa changu bado kiko kwa kyubu, ile nguvu ya kupima kipande cha mraba cha konkriti. Kumbe Eurocode inataka ile ya silinda, 25! Nguzo zote nilizipa nguvu ambayo hazina. Aliyeshika hilo kosa si semina, ni rafiki wa ofisi ingine niliyemwonyesha karatasi tukila lanchi, akauliza tu "hii 30 imetoka wapi?" Tafuta mtu wa kukuuliza hivyo.

mzee_wa_saiti: Kijana, hiyo kukosa usingizi isikuaibishe, inaonyesha unajua watu watalala juu ya hiyo slabu. Fanyeni hivi, tafuteni wenzako watano sita, mkutane Jumamosi moja kwa mwezi, kila mtu alete droo moja, jina la klayenti litolewe, wengine waichambue bila huruma. Mwezi ufuatao mwende saiti kabla konkriti imwagwe, mhesabu ringi, vile vyuma vinavyozungushwa kwa nondo, pale nguzo inakutana na bimu maana hapo ndipo fundi huziacha, ni pabaya kufunga. Na msiongee tu yaliyoenda sawa. Uingereza wako na CROSS tangu 2005, injinia anaripoti kosa ama hatari aliyoiona, majina yanatolewa, funzo linachapishwa wengine wasome. Sisi makosa yetu tunazikwa nayo, halafu mwingine anayarudia mtaa wa Pipeline, hapa Nairobi.

kasarani_stracha: Naunga mkono ila kikundi kisiwe badala ya bosi kukagua. Kama anapiga muhuri bila kufungua hesabu, mwambie kwa heshima, na umwandikie imeili ibaki. Unahitaji angalau miaka 3 ya kazi kabla ya kuomba kusajiliwa kama injinia profeshono, usiimalize ukijifundisha peke yako. Mimi nilikuwa chuo wakati ghorofa ya mtaa wa Huruma ilianguka Aprili 2016, zaidi ya watu 50 walikufa, na tangu hiyo siku siwezi kuona karatasi ya slabu kama karatasi tu.

greduweti_umoja: Asanteni sana, kweli. @mama_ringi nimeenda kuangalia, yangu niliweka 25, lakini cha maana sikuangalia ni kama saiti wanapima nguvu ya kyubu za konkriti zikifika siku 28, kesho nauliza. Na bosi nitaongea naye Ijumaa. Walio Eastlands, nani yuko tayari Jumamosi ya kwanza ya mwezi? Droo ya kwanza nitaleta mimi, hiyo hiyo slabu.

mama_ringi: Niko Donholm, nihesabu.