Tupeane uzoefu: mashindano ya muziki ya siku zetu za chuo, Unguja na Pemba

Mwenye mada

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninawaomba mliosoma vyuoni na katika skuli zetu, hasa mliokaa dakhalia (bwenini), tukumbushane mashindano ya muziki ya wakati wetu, lakini si kwa kutajiana vikombe, kwani vingi vimeshaota kutu. Ninachotaka kusikia ni jambo gani hasa liliamua nani apate na nani akose, maana kwa niliyoyaona mimi, mara nyingi halikuwa sauti wala ufundi.

Nilikuwa chuoni wakati Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kufuatia hitilafu katika njia ya waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara. Mashindano yalikuwa yameshapangwa, na takriban vikundi vyote vilikuwa vya muziki wa kizazi kipya au taarabu ya kisasa, yaani kinanda cha umeme, gitaa la besi na spika kubwa. Likakodiwa jenereta ambalo lilinguruma kuliko besi yenyewe, na kila fundi mitambo alipopandisha sauti ya spika, kinanda kilizimika katikati ya beti na mwimbaji akabaki mdomo wazi. Sisi ndio tuliokuwa tukichekwa: udi, fidla, dumbaki, pamoja na kodiani kuukuu ambayo mivukuto yake ilikuwa imezibwa kwa plasta ya kufungia vidonda. Ilipofika zamu yetu tuliomba jenereta lizimwe. Ukumbi ulikuwa na mwangaza wa alasiri tu uliopitia madirishani, na watu wakalazimika kunyamaza ili wasikie, jambo ambalo wanafunzi hawakuwa wamelifanya tangu asubuhi. Tukapewa ushindi. Wenzetu wa vinanda walisema, na mpaka leo wanasema tukikutana Darajani, kwamba aliyeshinda siku ile ni giza. Nami sijawahi kuwabishia sana.

Mpiga kanuni

Wa alaykum salaam, kaka. Kwa upande wangu kilichoamua ni nyuzi. Nilijifunza katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, wakati kikiwa katika jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani, ambapo ukifungua dirisha upepo wa bahari unakupiga usoni. Wanaoijua kanuni, ala ya nyuzi ya taarabu, wanafahamu kwamba ina nyuzi zaidi ya sabini, kwamba kwa kawaida kila noti hubebwa na nyuzi tatu ambazo zikitofautiana hata kidogo masikio yanauma, na kwamba daraja la nyuzi hizo limesimama juu ya ngozi nyembamba inayolegea kwa unyevu na kukakamaa penye ukavu. Niliilinganisha nyuzi asubuhi kwa makamu (mpangilio wa noti) ya rasti ikakaa sawasawa. Tulipoifikisha katika ukumbi wenye viyoyozi, kila noti ilikuwa imepanda. Waandaaji, ambao sitawataja, walihesabu muda wa kukaza nyuzi kuwa ni sehemu ya dakika tulizopewa. Nikakaza, nikakaza, kisha tukaanza na bashrafu, yaani kipande cha ala tupu cha kufungulia, kama ilivyo desturi ya taarabu asilia, na bashrafu ilipomalizika kengele ikalia. Mwimbaji wetu alikuwa amesimama na kanzu yake iliyopigwa pasi vizuri, akarudi kukaa bila ya kutamka hata neno moja.

Mwana wa Mkoani

Nimecheka mpaka machozi, Mpiga kanuni. Sisi wa Pemba tulikuwa na adui mwengine, naye ni bahari ya Nungwi. Katika Tamasha la Elimu Bila Malipo, ambalo ni la kukumbuka tangazo la Mzee Karume la tarehe 23 Septemba 1964, skuli yetu ilivuka kuja Unguja na kikundi cha ngoma ya msewe. Tulisafiri usiku, pepo zikiwa mbaya, na mwimbishaji wetu alitapika tangu kisiwa kilipotupotea machoni hadi taa za Unguja zilipoonekana, kwa hivyo sauti ikabaki ya kunong'ona tu licha ya tangawizi aliyotafuniwa na kukamuliwa kooni na mwalimu wetu wa zamu. Vijana walipofunga misewe miguuni na kuanza kukanyaga kwa pamoja, mlio ule ulimfunika kabisa, na majaji walidhani tumepanga hivyo makusudi. Hatukuwa wa kwanza, ila tuliitwa tucheze tena.

Bi Dakhalia

Naomba nitoe dukuduku langu kuhusu kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha akiwa anaimba. Chuoni kwetu kanuni za mashindano zilikataza mtazamaji kupanda jukwaani na fedha, eti unawatisha majaji na kuonesha upendeleo. Mimi niliimba taarabu, na mashoga zangu wa dakhalia walikuwa wamekusanya noti za mia tano mia tano; beti ilipowachoma hawakujizuia, wakapanda mmoja mmoja kwa madaha, leso mabegani, wakanitunza kama harusini. Tukakatwa alama. Naheshimu sheria, lakini anayeshindanisha taarabu na kumtaka msikilizaji akae kimya kama yuko kwenye mtihani hajui anachokipima, na hili nililisema siku ile mbele ya mkuu wa chuo.

Mwenye mada

Bi Dakhalia, hapo niko pamoja nawe, ingawa wapo waliokuwa wakigawa fedha kwa rafiki zao nyuma ya pazia ili watunzwe, na majaji walilijua hilo. Mada bado iko wazi. Waliosoma miaka ya themanini hawajasema lolote, nao ndio wenye kaseti. Mwenye nayo na mwenye redio ya kuichezea tafadhali ajitokeze.