Mwanagenzi wa kunyanyua vyuma: nianze naye wapi?

Fundi wa Nyalenda (Kisumu)

Hamjambo, ndugu wanachama. Kwa miaka minne nimekuwa nikinyanyua vyuma uani kwetu hapa Nyalenda, nikijifunza kwa kukosea. Vifaa vyangu ni vya jua kali: vyuma viwili vyenye ndoo za rangi za lita 10 zilizojazwa saruji ncha zote mbili, bomba tupu, benchi nililolichomelea mwenyewe na mitungi ya maji. Majuma mawili yaliyopita mpwa wangu wa miaka 19, ambaye hupakia na kupakua magunia soko la Kibuye, aliniomba nimfundishe, nami nikakubali haraka kuliko ilivyofaa. Siku ya kwanza aliinua kilo 60 kutoka chini bila taabu. Nilimshangilia, mpaka nilipomtazama kutoka ubavuni nikaona mgongo umepinda kama upinde. Nilimwambia aunyooshe, akanijibu kwamba ameshaunyoosha. Tangu siku hiyo nampa mpini wa ufagio peke yake, na sasa ameanza kununa; anasema hakuja kwangu kufagia.

Je, nimweke kwenye mpini kwa muda gani kabla ya kumrudishia uzani? Na mtu ambaye kazi yake yenyewe ni kubeba mizigo apangiwe ratiba ya namna gani?

Mwalimu wa Michezo (Kakamega)

Ndugu Fundi, kabla hujamlaumu kijana, chukua futi upime kimo cha chuma chako. Gurudumu kubwa la mashindano, yaani ule uzani wa duara unaotiwa kwenye ncha ya chuma, lina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma huwa sentimita 22.5 kutoka sakafuni kabla hakijaguswa. Ikiwa ndoo zako zina kipenyo cha sentimita 26, chuma kiko sentimita 13 tu, na mtu mwenye misuli migumu ya nyuma ya mapaja hawezi kukifikia pale chini bila kuupinda mgongo, hata umkemee kutwa. Weka ndoo juu ya mawe ya kujengea ya inchi nne, ambayo ni takriban sentimita 10, nawe utakuwa umefika panapotakiwa. Nimewaona wakufunzi wakihangaika na mgongo wa mwanafunzi kwa miezi, kumbe kasoro iko ardhini.

Jambo la pili ni hilo jibu lake kwamba ameunyoosha. Naamini hakukudanganya. Mwanagenzi hauoni mgongo wake wala hajajifunza kuuhisi, na hapo ndipo mpini unapofaa: si kama mzigo, bali kama kioo. Aulaze wima mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa chini wa kiuno. Kisha asimame hatua fupi mbele ya ukuta, akiupa kisogo, alegeze magoti kidogo na kurudisha makalio nyuma mpaka yauguse ukuta, bila mpini kuachana na sehemu yoyote kati ya hizo tatu. Ukiachana, atahisi mwenyewe, na wewe hutakuwa na haja ya kupaza sauti. Dakika kumi mwanzoni mwa kila zoezi zinatosha. Kumweka kwenye mpini kwa majuma mazima ni kumfukuza kwa adabu.

Dada wa Milimani (Nakuru)

Namuunga mkono Mwalimu, ila naona mpini umepewa sifa nyingi mno. Mimi huwafundisha akina mama katika jimu ndogo hapa Nakuru, na nimeona mara nyingi kwamba mtu huchuchumaa vibaya akiwa mikono mitupu, kisha akachuchumaa vizuri pindi anapokumbatia kitu kizito kifuani. Sababu yake ni ya kawaida: uzani ulio mbele humsawazisha, hivyo anaweza kushuka katikati ya magoti yake bila kuanguka kinyumenyume na bila visigino kuinuka.

Kwa hili mitungi yako ni hazina. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unaweza kuanza na lita 10 na kuongeza lita moja moja, jambo ambalo hata jimu zenye vyuma vya dukani haziwezi kulifanya kwa urahisi. Maji yakimyumbisha, tumia mchanga, lakini upime upya, maana mchanga ni mzito kuliko maji ya ujazo uleule. Akiweza kuchuchumaa mara nane kwa seti tatu, yaani mizunguko mitatu yenye mapumziko katikati, akiwa amekumbatia kilo 20, na visigino vimetulia, mwekee bomba mabegani.

Mfundishe pia kupumua, kwani wengi hulisahau: avute pumzi akiwa amesimama, akaze tumbo kana kwamba anatarajia kupigwa ngumi, aishikilie wakati wa kushuka, na aitoe akishapita sehemu ngumu ya kupanda. Mwenye shinikizo la damu amwone daktari kwanza.

Akivutiwa na mashindano, yaani kuinua chuma kwa mkupuo mmoja hadi juu ya kichwa, au kukipandisha mabegani kwanza na ndipo kukisukuma juu, usianze naye chini. Anzia chuma kikiwa usawa wa nyonga, kisha magotini, na sakafu iwe ya mwisho. Chuma cha wanaume katika mashindano kina kilo 20 na cha wanawake kilo 15. Nalitaja hili kwa sababu bado wapo wanaowapa wasichana kile cha kilo 20 siku ya kwanza, kisha wakasema wasichana ni dhaifu.

Mpakiaji Mstaafu (Kondele, Kisumu)

Mimi nitajibu la ratiba, kwa kuwa magunia nayajua. Kijana anayebeba gunia la mahindi la kilo 90 mgongoni hahitaji siku tatu za mazoezi. Mbili zinamtosha kwa sasa, na zisifuate siku ambayo malori ni mengi sokoni. Kila siku ya mazoezi afanye kuchuchumaa, kuinua kutoka chini na kusukuma juu, seti tatu za mara tano, apumzike dakika tatu baina ya seti. Akimaliza zote kwa umbo safi, mwongezee kilo 2.5 zoezi linalofuata. Akishindwa mara mbili mfululizo, punguza asilimia 10 aanze kupanda tena. Miezi ya mwanzo atapanda haraka, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia misuli ambayo tayari anayo; mwambie hivyo, asije akadhani mwendo huo utadumu.

Mwambie vilevile kwamba maumivu ya misuli huwa makali zaidi siku ya pili au ya tatu. Wengi huacha hapo, wakidhani wameumia. Lakini mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, aende hospitali siku hiyohiyo.

Chakula kisikupe shida. Kiasi cha gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kinatosha, yaani takriban gramu 104 kwa kijana wa kilo 65. Omena, maharagwe, maziwa na mayai vitamfikisha, yai moja likiwa na gramu sita hivi. Ugali asiuache, maana ndio utakaomfanyia kazi sokoni.

Fundi wa Nyalenda (Kisumu)

Asanteni sana. Nimepima: chuma kilikuwa sentimita 12 na nusu. Nimeviweka vyote viwili kwenye mawe, na jana jioni mpwa wangu aliinua kilo 40 mgongo ukiwa umenyooka. Nilizipeleka pia ndoo kwenye mizani ya jirani anayeuza nafaka, nikagundua kwamba za chuma kizito zinatofautiana kwa kilo moja na nusu, na kumbe bega langu la kushoto lilikuwa likilalamika kwa haki. Swali la mwisho: je, anaweza kulala kwenye benchi na kusukuma chuma kutoka kifuani nikiwa sipo?

Mwalimu wa Michezo (Kakamega)

La. Ndoo za saruji hazichomoki, kwa hiyo chuma kikimshinda kifuani hawezi kukiinamisha upande ili uzani uteleze. Ukiwa haupo apige pushapu, na akizimaliza 20 kwa urahisi aweke miguu juu ya lile benchi.