Tupeane uzoefu: mtoto mwenye mahitaji maalumu, shule ya serikali, Tanga. Fedha ya serikali umeiona wapi?

Mama wa Makorora (mwenye mada)
Salaam aleikum wana Tanga. Mwanangu wa pili ana miaka 10, ana ulemavu wa akili, yuko kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi hapa mjini. Ada hatulipi, tangu 2016 elimu ni bila malipo, nashukuru. Lakini nihesabieni. Peke yake hawezi kupanda daladala. Asubuhi nampeleka, narudi. Mchana namfuata, tunarudi. Yeye safari mbili kwa nauli ya mwanafunzi, mimi safari nne kwa nauli ya mtu mzima. Mwaka wa kwanza nikaona bora nisirudi, nikawa nakaa chini ya mwarobaini nje ya geti mpaka saa saba. Vitumbua vyangu vikafa, maana kitumbua ni cha asubuhi. Mlinzi alinizoea hadi siku moja akanituma nikafunge bomba, alidhani nimeajiriwa.

Nikamuuliza mwalimu mkuu kama kuna fungu la nauli au la msaidizi. Akanijibu kwa upole, "Mama, mtoto wako kwenye ruzuku ni kichwa kimoja, sawa na wenzake." Sikumwelewa. Wazazi, walimu, mliosoma vitengo hivi, semeni mliyoyaona kwa macho yenu. Siasa tuiweke pembeni.

Mwalimu wa kitengo, Muheza
Shikamoo mama. Hicho kichwa nikufafanulie, maana ndicho kinachotunyima usingizi. Ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndiyo huja shuleni. Gawa kwa miezi 12: shilingi 500. Kitengoni kwangu nina watoto 14, kwa hiyo kwa mwezi wanaleta 7,000. Rimu moja ya karatasi hainunuliki. Na hiyo 7,000 wala haiji na jina lao. Inaingia kwenye akaunti ya shule pamoja na ya wenzao wote, halafu kuna ukarabati, mitihani, chaki, michezo. Mkuu wangu ni mtu mwema, lakini paa la darasa la tatu linavuja. Ungekuwa wewe ungeanza na nini?

Nisiwe mnyimi wa fadhila. Mshahara wangu unalipwa na serikali, chuo cha ualimu wa elimu maalumu cha Patandi nilisomeshwa, na vifaa vikubwa vimewahi kuletwa kutoka Wizarani. Kinachokosekana ni vya kila siku: sabuni, nguo za kubadilisha mtoto akijichafua, udongo wa kufinyangia, mtu wa pili darasani. Mtu wa pili ndiye hasa. Nikimpeleka mmoja chooni, kumi na watatu wanabaki na Mungu.

Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini mgeni akifika haondoki ng'o. Ruzuku ndiyo inayofuata msemo: yaja leo, yaondoka leo.

Baba wa Pangani
Wangu ana ualbino na uoni hafifu, yuko bweni. Kwa upande wetu fedha nimeiona: chakula na malazi ni juu ya serikali, na mtoto amenenepa kuliko alivyokuwa nyumbani, mama yake hapendi nikisema. Nisichokiona ni losheni ya jua. Ikija inagawiwa, isipokuja natuma mimi. Na likizo nauli ni yangu.

Nilisoma kwa nukta nundu
Mimi sioni tangu utotoni, nilisoma shule ya kawaida yenye kitengo. Ukurasa mmoja wa kitabu chenu ukiugeuza nukta nundu, maandishi tunayosoma kwa kupapasa, huwa kurasa mbili au tatu, na karatasi lazima iwe ngumu. Ya kawaida inatoboka. Zikiisha, mwalimu wetu alizunguka madukani kuomba kalenda za mwaka uliopita. Nilijifunza kuzidisha nyuma ya picha za magari, ndivyo nilivyoambiwa na wenzangu.

Mashine ya Perkins, ya kuandikia nukta nundu, tulikuwa nayo moja, ikakwama funguo mbili, ikakaa kabatini mihula miwili. Haikukosekana fedha ya kununua mashine, ilikosekana ya fundi! Hilo mpaka leo linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja.

Wa Raskazone
Si muwapeleke shule binafsi tu?

Nilisoma kwa nukta nundu
Ndugu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, imempa mtoto huyu haki ya elimu kama mwanao. Hatuombi hisani. Na hiyo ada ya binafsi utachangia?

Mjumbe wa kamati ya shule, Mikanjuni
Mwalimu kasema kweli, ila kuna mlango mmoja wazazi wa kitengo hawaugongi. Fedha ikiingia kwetu hubandikwa ubaoni, na matumizi yanapita kamatini. Sasa kamatini nani yupo? Miaka mitatu hatukuwa na mzazi hata mmoja wa kitengo. Alipoingia mmoja, mama muuza samaki, akauliza mbele ya wote, "Mwanangu mwenye kiti mwendo anaingiaje chooni?" Kimya. Tukaingiza njia ya mteremko na choo kwenye mpango wa shule, tukaandika barua halmashauri kupitia Afisa Elimu Kata. Mteremko ulipatikana baada ya mwaka na miezi. Choo bado, lakini kiko kwenye karatasi, na kila kikao yule mama anakiuliza.

Nauli ya msindikizaji sijapata kuiona kwenye mpango wowote.

Mama wa Makorora
Ahsanteni, mwalimu umenifumbua. Sisi kina mama watatu tumeanza zamu: mmoja anasindikiza watoto watatu, wawili wanabaki na shughuli zao. Vitumbua vimerudi, japo siku ya zamu yangu wateja wananinunia. Mjumbe, shule yetu ni jirani na yenu. Hiyo nauli kama haijawahi kuandikwa, inaandikwaje?

Mjumbe wa kamati ya shule, Mikanjuni
Weka daftari mwezi mzima: tarehe, safari, shilingi. Wenzako nao vilevile. Muulize mwalimu mkuu siku ya kikao, kisha uende nalo.

Mama wa Makorora
Ninalo tangu Januari, nyuma ya daftari la madeni ya vitumbua.

Mwalimu wa kitengo, Muheza
Mama, nitumie picha ya ukurasa mmoja. Na mimi nina kikao Ijumaa.