Datsun 1200 ya baba: nihamie breki za diski mbele, au nibaki na dramu?

MamaMiche
Wadau, hamjambo. Nina pikapu ya Datsun 1200, ya 1974, niliyoachiwa na marehemu baba. Injini ni ileile A12 iliyokuja nayo. Kila asubuhi inanibebea miche kutoka Limuru hadi kibanda changu kando ya Ngong Road. Kwenda inakwenda. Kusimama ndiyo kesi.

Wiki jana mvua ilinikuta Waiyaki Way. Hapo Kangemi nikapita kwenye dimbwi, na mbele yangu matatu ikasimama ghafla kuokota abiria, mnajua wenyewe. Nikakanyaga. Kwanza kimya, halafu pikapu ikavuta kushoto kama punda aliyeona majani. Nilisimama shubiri moja kutoka kwa jiko la mama wa mahindi. Nikanunua mawili kwa aibu, na wala sikuwa na njaa.

Tangu siku hiyo nakanyaga mara mbili, tatu, ndipo pedali ipande. Masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali, ina kitungi kimoja tu cha mafuta ya breki. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road anasema ataniwekea diski mbele za "Nissan yoyote" kwa 35,000, kazi ya siku moja, na masta silinda ya zamani inabaki. Hiyo "yoyote" inaninyima usingizi. Je, ni kweli inawezekana? Na rimu zangu za inchi 12 zitaingia? Baba alikuwa aking'arisha vifuniko vyake kila Jumapili kabla ya kanisa, sitaki kuvitoa.

SpanaKumi
Dada, usimpe pesa huyo. Mimi nilibadilisha ya kwangu, pikapu kama hiyo yako. Nilitafuta miguu mizima ya mbele ya Sunny B310 iliyotoka kiwandani na diski: shokomzoba, habu, diski na kalipa (kile kibanio kinachobana padi kwenye diski), kushoto na kulia kutoka gari moja. Hakuna kuchomelea. Fundi akianza kukuambia atachomelea kishikio cha kalipa kwenye mguu wa zamani, chukua funguo zako uondoke.

Masta silinda ya zamani haifai. Ya dramu ina valvu ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye paipu ukiachilia pedali. Dramu zinaihitaji, bila hiyo mipira ya silinda za magurudumu inaweza kulegea ikanyonya hewa. Diski ukiziachia presha hiyo, padi hazibanduki. Diski inapata moto, na ukifika Uthiru harufu ishajaa garini. Tena pistoni ya kalipa ni kubwa, inataka mafuta mengi kuliko silinda yako inavyosukuma. Na kitungi kimoja maana yake paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Hilo pekee lingenitosha.

Rimu: beba moja uende nayo kwa muuzaji. Ivishe juu ya kalipa, izungushe kwa mkono. Kuna kalipa zinazokwaruza rimu ya 12. Mimi nilihamia 13, lakini sikuwa na vifuniko vya baba.

Babu404
Mmemaliza pesa za mtoto wa watu kabla hajafungua hata gurudumu moja.

Binti yangu, Peugeot 404 yangu ya pikapu ina dramu kote, na nimeshuka nayo Mai Mahiu na mzigo wa mabati. Gia ya pili, mguu mwepesi. Wanaounguza breki pale ni wale wanaoshuka na gia ya nne huku wamekanyaga pedali mwanzo hadi mwisho.

Maji yakiingia kwenye dramu, upande mmoja ukikauka kabla ya mwingine, gari litavuta. Sawa. Lakini kupampu mara tatu jua likiwaka, hayo si maji. Ama lainingi, zile bitana zinazosugua dramu kwa ndani, zinahitaji kukazwa, ama kuna hewa, ama silinda ya gurudumu inavuja. Na ikivuta kushoto, mgonjwa yuko kulia: la kushoto linashika, la kulia linateleza tu. Anza na la kulia.

Dereva_Rongai
Mkifungua, vumbi la ndani msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Tumieni kitambaa chenye maji.

MamaMiche
Mzee 404, heshima yako. Jumamosi tulifungua la kulia. Lainingi imelowa mafuta ya breki, inang'aa kama chapati ya harusi, na silinda inachuruzika chini ya mpira. La kushoto kavu kabisa. Nimeweka silinda mpya na lainingi mpya pande zote mbili, tukatoa hewa, na pedali inashika mara ya kwanza. Jana nimepita Kangemi, ikasimama imenyooka.

Ila maneno ya Spana kuhusu kitungi kimoja hayajanitoka. Nimepata masta silinda ya vyumba viwili ya hiyo Sunny ya diski. Niifunge sasa, diski nizitafute polepole?

SpanaKumi
Usiifunge! Upande wake wa mbele umetengenezewa kalipa, na wewe mbele bado una dramu. Inunue, ifunge kwenye karatasi ya nailoni, iweke kabatini. Siku ukipata miguu, vyote viingie pamoja, na paipu zigawanywe za mbele na za nyuma.

Na siku hiyo hakikisha nipeli za kutolea hewa zimekaa juu ya kalipa. Fundi wangu alifunga ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, nipeli zikaangalia chini. Tulimaliza chupa mbili za mafuta, pedali bado inazama kama mguu kwenye uji.

Babu404
Chupa mbili! Na mimi ndiye wa zamani.