Televisheni ya michezo Marekani inaishiwa pesa, na wanaolipishwa ni wakimbiaji wetu vyuoni

Wadau, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Pesa za televisheni ya michezo Marekani zimeanza kukauka, wakubwa waliozizoea wamegombania zilizobaki, na mzigo wametwikwa wakimbiaji, waogeleaji na warusha mkuki ambao televisheni hizo hazikuwahi kuwaonesha hata dakika tano. Miongoni mwao ni vijana wa Nandi, Keiyo, Marakwet, Pokot na Kisii, ambao chuo cha Marekani kilikuwa njia ya kupata shahada bila baba kuuza shamba.

Nianze na pesa zilikotoka, maana wengi wanadhani ni matangazo ya biashara. Matangazo ni sehemu tu. Kisima chenyewe kilikuwa kebo, yaani televisheni ya kulipia inayoingia nyumbani kwa waya. Nyumba ya Mmarekani ililipia kifurushi kizima, kama sisi na ving'amuzi vyetu: uwe unatazama michezo au hutazami, chaneli zake zimo na umeshazilipia. ESPN, chaneli yao kubwa ya michezo, ilifika karibu nyumba milioni 100 mwaka 2011, na kufikia 2023 ilikuwa inachukua zaidi ya dola 9 kwa kila nyumba, kila mwezi. Ajuza aliyewasha televisheni atazame mapishi alichangia mishahara ya makocha wa futiboli ya Kimarekani vyuoni bila kujua. Vyuo vikajenga viwanja, vikaajiri, vikakopa, vikiamini ajuza huyo ataendelea kulipa milele.

Ameacha kulipa. Watu wamekata kebo kwa mamilioni, na nyumba zenye ESPN sasa ziko chini ya milioni 70. Machi 2023 kampuni ya Diamond Sports Group, iliyoendesha chaneli za mikoa za Bally Sports, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 8. Agosti 2025 ESPN yenyewe ikaanza kuuzwa moja kwa moja kwenye intaneti, dola 29.99 kwa mwezi, kwa anayetaka tu. Ukimpoteza mtu aliyekuwa analipa bila kutazama, hakuna wa kuziba pengo lake.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo penye uchungu wangu. Kampuni za televisheni hazikumpunguzia kila mmoja kidogo. Zilichagua. Agosti 2022 ligi ya vyuo ya Big Ten ilisaini mikataba ya miaka 7 na televisheni za Fox, CBS na NBC yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7, kwa sababu ina vyuo vyenye mashabiki wengi wa futiboli. Wanaovuta watazamaji wameongezewa, na wasiovuta wameambiwa wajitafutie.

Ushahidi wangu ni Pac-12. Ligi hii ya vyuo vya magharibi ilizaliwa 1915. Mwaka 2011 ilisaini na ESPN na Fox mkataba wa miaka 12 wa takriban dola bilioni 3, na ulikuwa mkataba wa kuonewa wivu. Wakuu wake wakalewa. Wakaanzisha chaneli yao wenyewe mwaka 2012, wakaimiliki asilimia mia, na mpaka inakufa haikuwahi kuingia DirecTV, kampuni kubwa ya televisheni ya setilaiti, kwa hiyo mamilioni ya nyumba hayakuiona. Kamishna wao, Larry Scott, alifikia kulipwa takriban dola milioni 5 kwa mwaka, na ofisi zao zilikuwa katikati ya San Francisco, kwa kodi ya mamilioni. Hizo zilikuwa pesa za michezo ya wanafunzi.

Juni 2022 USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, wakatangaza kuhamia Big Ten. Waliobaki walikuwa bado na nafasi ya kujiokoa. Waandishi wa michezo wa kule wameripoti kwamba ESPN ilikuwa tayari kutoa takriban dola milioni 30 kwa kila chuo kwa mwaka, na marais wa vyuo wakajibu wanataka 50. Marais wa vyuo vikuu, wasomi wenye shahada tatu tatu, wameshindwa kusoma kwamba soko lao linakufa! ESPN ikaondoka mezani. Big 12, ligi nyingine ya vyuo, ikawahi, ikachukua mkataba wa takriban milioni 31.7 kwa kila chuo, na mlango ukafungwa.

Kiangazi cha 2023 chuo cha Colorado kikaondoka Pac-12. Apple ikaja na ofa ya kuonesha michezo kwenye intaneti, malipo yakitegemea ni wateja wangapi watajiunga. Tarehe 4 Agosti 2023, siku moja tu, Oregon na Washington wakaenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Septemba, Stanford na California wakapokelewa na ligi ya pwani ya Atlantiki kwa kukubali mgawo mdogo. Ligi ya miaka 108 ikabaki na vyuo viwili: Oregon State na Washington State.

Washington State. Kama jina hilo halikugusi, wewe si mtu wa riadha. Hicho ni chuo cha Pullman, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano, na ndicho kilichomchukua Henry Rono kutoka Nandi. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi pale, Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Ile ya mita 5,000 aliivunjia Berkeley na ile ya viunzi Seattle, viwanja vya vyuo vya ligi hiyohiyo. Olimpiki hakuwahi kukimbia hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia 1976 na 1980. Sifa zake zote za dunia zilitokana na mbio za chuo na mialiko ya Ulaya. Kabla yake alikuwepo Samson Kimobwa, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Baada yake wakaja Julius Korir, dhahabu ya viunzi Los Angeles 1984, na Peter Koech, aliyeivunja rekodi ya viunzi ya Rono mwaka 1989. Kisha Bernard Lagat. Wote Pullman. Chuo kimoja cha mashambani kimetutendea kuliko mashirika mengi yenye nembo za kung'aa.

Chuo hicho kimeachwa kwenye mataa kwa sababu Pullman haina watazamaji wengi wa televisheni. Na Juni 2025 kikatangaza kufuta mashindano ya kurusha na kuruka katika timu yake ya riadha na kupunguza mbio fupi, kibaki zaidi na mbio ndefu. Kuna waliofurahi huku Eldoret wakisema, "Afadhali, mbio ndefu ni zetu." Mimi siwezi kufurahia. Anayefuta tufe na mkuki mwaka huu kwa kukosa pesa, mwaka mwingine atafuta nini? Na yule msichana wa kurusha kisahani alimkosea nani?

Rono alifariki Februari 2024, miezi sita baada ya ligi yake kuvunjwa kwa ajili ya ratiba za televisheni. Sikuona kiongozi hata mmoja wa vyuo vile akieleza kilichopotea.

Haya, ongezeni mzigo wa pili. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo: takriban dola bilioni 2.8 za kuwalipa wanamichezo wa zamani, na kila chuo kinachoshiriki kuruhusiwa kugawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Nasema wazi, wanamichezo kulipwa ni haki yao, walinyonywa miaka mingi. Lakini pesa hizo zinakwenda kwa nani? Sehemu kubwa ni futiboli, kisha mpira wa kikapu wa wanaume. Makubaliano hayohayo yakaweka ukomo wa idadi ya wachezaji katika timu: mbio za nyika 17, riadha 45. Kocha aliyekuwa na vijana wengi akaambiwa apunguze.

Na Mkenya hata akibaki katika timu, viza yake ya mwanafunzi, F-1, inambana asifanye kazi ya malipo kama mwenzake Mmarekani. Vyuo vingi vinaogopa kumlipa vikahatarisha viza yake. Kwa hiyo nafasi zimepunguzwa ili pesa zigawanywe, na mgawo wenyewe haumfikii.

Mimi huwasaidia vijana wa hapa kijijini kujaza fomu za vyuo, bila kuchukua hata shilingi. Kuna mmoja, mbio za nyika anakimbia kama swala na Hisabati anapata A. Kocha wa chuo kimoja kule, sitakitaja, alimwandikia kwamba nafasi yake ipo na udhamini upo. Mama yake akauza mtamba kulipia pasipoti, mtihani wa Kiingereza na nauli za kwenda Nairobi. Kisha ikaja barua pepe fupi: timu imepunguzwa, nafasi haipo tena, tunakutakia kila la heri. Mama akanijia na karatasi mkononi, "Mwalimu, mtoto wangu amekosa nini?" Hajakosa kitu. Ningemweleza vipi kuhusu kebo, kwamba watu wa Ohio kukata chaneli kumemgharimu ng'ombe wake?

Najua kuna watakaokuja hapa kuniambia, "Mkuu, hiyo ni biashara, futiboli ndiyo inayowalisha hao wakimbiaji wako." Nimeisikia hoja hiyo mpaka nimechoka. Ni kweli futiboli huleta pesa nyingi. Lakini Novemba 2023 chuo cha Texas A&M kilimfukuza kocha wake wa futiboli, Jimbo Fisher, na mkataba ukakidai kumlipa zaidi ya dola milioni 75 asifanye kazi. Milioni sabini na tano! Hizo zingeendesha timu za mbio za nyika kwa miaka mingapi? Basi msiniambie hakuna pesa. Pesa zipo, ila zikipungua upande mmoja hukatwa upande wa asiye na sauti, na anayeamua akatwe nani ni yuleyule aliyesaini mikataba ya kipumbavu.

Na safari je? UCLA wa Los Angeles sasa wako ligi moja na Rutgers wa New Jersey, karibu kilomita 4,000. Timu ya futiboli husafiri mara chache kwa msimu, kwa ndege ya kukodi. Wachezaji wa voliboli na soka husafiri mara nyingi zaidi, katikati ya wiki, na mtihani asubuhi inayofuata. Ratiba ile ilipangwa kwa ajili ya mchezo mmoja tu na televisheni zake.

Wenzangu wa Tanzania msidhani haya hayawahusu. Suleiman Nyambui, fedha ya mita 5,000 Moscow 1980, alisoma na kukimbia chuo cha Texas pale El Paso. Na wa Kenya, angalieni wa karibuni: Doris Lemngole wa Alabama, bingwa wa vyuo wa mbio za nyika 2024. Pamela Kosgei wa New Mexico, bingwa wa mita 5,000 na 10,000 mwaka 2025. Vipaji havijapungua hata kidogo.

Hasira yangu ya mwisho ni ya huku nyumbani. Wapo mawakala Eldoret na Iten wanaoendelea kuwatoza wazazi pesa za "kutafutiwa chuo" kana kwamba tuko mwaka 2015. Wanajua nafasi zimepunguzwa na hawasemi. Na Riadha Kenya, pamoja na wizara, sijawaona wakiwaita wazazi na walimu kuwaeleza chochote. Mtoto akishinda medali wanakuwa uwanja wa ndege na maua. Akinyimwa nafasi, wako wapi?

Kwa hiyo mwenye mtoto, ndugu au mwanafunzi aliyepunguzwa kwenye timu tangu Juni 2025, aandike hapa: mchezo gani, jimbo gani, aliambiwa nini, na kama aliahidiwa kwa maandishi. Jina la mtoto msiweke. Kwa wanaojaza fomu sasa hivi, msiuze mifugo wala kulipa wakala kwa neno la kocha kwenye simu. Mwambieni awaandikie nafasi ni ngapi katika timu yake msimu ujao, wangapi wanaendelea, na udhamini ni wa mwaka mmoja au miaka yote minne. Asipojibu, msilipe chochote. Yule mama wa mtamba nimemwahidi nitamletea majibu ya watu wengine, na nitayachapisha yote nimpelekee.