Tupeane uzoefu: maneno ya Kiingereza yenye herufi zinazoandikwa bila kutamkwa

Mwalimu, Kampemba

Jambo zenu wote. Wengi wetu Lubumbashi tumesoma kwa Kifaransa, lakini kazi inatukutanisha na Kiingereza: Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au migodini kwenye vibao vya usalama. Orodha za A mpaka Z hazikai kichwani. Tukusanye maneno kwa jamaa za herufi. Kila mmoja alete kundi moja, aandike matamshi kwa herufi zetu, maana yake, na pale watu wanapokosea.

Naanza na kn. Mwanzoni mwa neno K haitoi sauti kabisa: know (nou, kujua), knife (naif, kisu), knock (nok, kubisha), kneel (niil, kupiga magoti), knead (niid, kukanda unga). Kosa la kwetu ni kuingiza irabu katikati, "kinaif", ambayo Mzambia hataielewa. Zamani Waingereza waliitamka K hiyo. Ilipotea karne ya 17, wakati wachapaji walikuwa wamekwisha kuzoeza watu tahajia ya kale. William Caxton aliweka mtambo wa kuchapa Westminster mwaka 1476. Wajerumani mpaka leo wanaitamka katika Knie, goti.

Angalieni pia maana. Knee ni goti, knuckle ni kiungo cha kidole, knot ni fundo, knob ni kishikio cha duara cha mlango. Yote ni vitu vya kifundo-kifundo. Ukikutana na kn usiyoijua, anza kuwaza hapo, kisha uhakikishe kwenye kamusi.

Fundi wa malori, Ruashi

Naongezea kwa Mwalimu: ile sehemu ya mbele inayobeba gurudumu na kulizungusha usukani unapokatwa, kwenye vitabu vya malori imeandikwa steering knuckle. Tamka "nakol".

Mimi naleta wr. W inalala, R ndiyo inasikika: write (rait), wrong (rong), wrap (rap, kufunga kwa karatasi), wrist (rist, kifundo cha mkono pale inapovaliwa saa). Hapa maana inasaidia zaidi kuliko kwenye kn, maana wr nyingi zinahusu kupinda na kusokota: wring ni kukamua nguo, wrestle ni kupigana mieleka, wrinkle ni kunyanzi, wrench ni kupinda kwa nguvu. Hata wrong asili yake ni kitu kilichopinda. Wrench ni pia spana kwa Wamarekani. Waingereza wanasema spanner, kwa hiyo kwenye orodha ya vipuri tazameni kwanza kitabu kimetoka wapi.

Mama Mkalimani, Katuba

Asante, papa Fundi. Mimi ni gn na mb, na hapa Kifaransa ndicho kinachotuharibia. Tumezoea gn kuwa "ny", ndiyo maana mtu anaona sign anasoma "sinye". Kwa Kiingereza ni "sain". Watanzania wanasema kusaini, na sikio lao lilisikia sawasawa. Vivyo hivyo design (dizain), foreign (forin, -a kigeni), campaign (kampein). Lakini mara nyingine G inaamka neno likirefuka: signature, signal, resignation. Kwa hiyo msiifute kwenye kaye (daftari) mnapoandika, ndiyo inayoonyesha ukoo wa neno.

Mb mwishoni mwa neno, B haitoki: climb (klaim, kupanda), thumb (tham, kidole gumba), lamb (lem, mwana-kondoo), limb (lim, mkono au mguu). Ulimi wetu unapenda mb, tuna kamba na nyumba, hivyo unataka kumalizia "thambu". Funga midomo kwenye M na usiifungue. Jamaa hii ina mtego mmoja mkubwa: comb (koum, kitana), tomb (tuum, kaburi), bomb (bom). Herufi tatu za mwisho ni zilezile, irabu tatu tofauti. Hakuna kanuni, yashikwe kwa moyo.

Risiti nayo: kwa Kiingereza receipt, P imo lakini haitamkwi. Wasomi waliichomeka kwa ajili ya Kilatini, kama walivyochomeka B katika debt, ingawa Waingereza walilipokea neno hilo kwa Wafaransa likiwa dette.

Mlinda usalama, mgodini

Gh ni jamaa ngumu kuliko zote, na kwetu kazini ni ya hatari. Height na weight zinafanana kwa macho. Height ni "hait", kimo cha kwenda juu. Weight ni "weit", uzito. Kibao cha working at height kinamtaka mtu avae mkanda na kuufunga. Akikielewa kuwa kinahusu mizigo, atapanda bila mkanda. Rudieni maneno haya mawili kwa sauti pamoja na mkono: mkono juu kwa hait, mikono kama inabeba kwa weit.

Mara nyingi gh iko kimya: night, light, right, eight, daughter. Maneno machache yanaifanya F: laugh (laaf, kucheka), cough (kof, kukohoa), rough (raf, -enye kukwaruza), tough (taf, -gumu), enough (inaf, ya kutosha). Andikeni haya matano kwenye ukurasa wake. Ikiwa mwanzoni, kama ghost, ni G ya kawaida.

Mwanafunzi wa segondere, Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi)

Mama Mkalimani, shikamoo. Kama B ya mb haitamkwi, mbona number ni "namba"?

Mama Mkalimani, Katuba

Marahaba, mwanangu. B inalala ikiwa mwisho wa shina. Katika number, member, timber na remember, mb iko katikati ya shina, basi B inasikika. Climber shina lake ni climb, plumber vilevile imeishika desturi hiyo: "klaima", "plama". Sasa chukua numb, yaani kufa ganzi. Ukisema ganzi imezidi, unaandika number, herufi kwa herufi sawa na namba, lakini unatamka "nama". Sentensi nzima ndiyo itakayokuambia ni lipi.